Kifuniko cha Mashini ya Kusaga

Bunia, tarehe 12 mwezi wa kumi 2002

Mudogo wangu Athanase,

Nakusalimia mu jina la Bwana. Uko muzima? Kile kikohozi kilikwisha? Unakula nini huko Kampala? Nikiuliza unijibu kweli, usiniandikie "niko sawa" kama vile unaandikia mukubwa wa masomo. Siye huku tunapumua. Ukiona barua yangu ujue mukono ungali unashika kalamu, na hiyo inatosha.

Barua yako Katsuva aliniletea. Ilikaa siku kumi na mbili mu lori lake, chini ya kiti, na ilinuka mazutu, ile dizeli yake, mpaka mistari ya mwisho. Humo mwenyewe unaniambia umeingia mu kikundi cha kulinda Ziwa Albert, hamutaki wazungu watoboe chini wachimbe mafuta. Na unaniambia niache kuuzisha esanse, haya mafuta ya pikipiki, eti ni biashara ya kifo. Nilicheka, Athanase. Ni kicheko changu cha kwanza tangu vita vya mwezi wa nane, basi aksanti.

Sikiliza sasa. Leo niliwasha makala ya kupikia na petroli ya taa kidogo. Nilivaa sapato za plastiki. Niliketi chini ya shitingi ya plastiki kwa meza yangu pale soko, kwa sababu mabati yalipelekwa na wenye bunduki. Scholastique wa materniti, pale wanawake wanazalia, alikuja kuchukua mazutu ya grupe yao ya umeme, juu kuko mwanamuke wa kupasuliwa. Vyote hivi ni mafuta. Na weye ulisoma na nini? Tangu mume wangu Eugène alikufa ku njia ya Komanda, ulisoma na esanse, kopo kwa kopo. Kama ni kifo, ulikula kifo na ukapata diploma.

Lakini usifikiri hatuna akili. Vile walianza kuchoma vijiji, siye wanawake saba wenye kuuzisha tulifanya sheria. Mutu akija na pikipiki, tunamuwekea mu tanki. Akija na bido, yaani dumu, bila pikipiki, tunamuuliza: mashini iko wapi? Akisema iko mbali, arudi na kifuniko cha tanki ya ile mashini. Tunakitazama, tunakinusa, tunamurudishia. Hana kifuniko, hana esanse. Hata askari tulimukatalia, akatutukana, akaenda. Hiyo ndiyo kazi yetu ya kulinda.

Ujifunike vizuri, huko kuko baridi.

Miye dada yako mukubwa, yaya wako,
Kanyere

---

Kampala, tarehe 3 mwezi wa kumi na moja 2002

Yaya Kanyere,

Nimepokea barua yako nikiwa muzima, kikohozi kimeisha kweli, na ninakula ndizi asubuhi na jioni mpaka nimechoka nazo. Natumaini nawe unakula, si kupika tu. Nisalimie Scholastique.

Umenipiga na ile ya diploma, nimekubali. Lakini yaya, siyo esanse ya kopo ninayopinga. Ninapinga visima. Maman Nadège, mukubwa wa kikundi chetu, alituonyesha picha za nchi zingine: mahali walipochimba, samaki wanaelea tumbo juu, na kila kisima kina jeshi lake. Anasema vita vyenu vya Ituri vinanuka mafuta ya chini ya ziwa. Wakubwa wanataka udongo usiokuwa na watu.

Nimeacha kupanda teksi. Natembea saa moja na nusu kwenda ku ofisi ya kikundi, saa moja na nusu kurudi. Jana soli ya kiatu ilitoka, na rafiki mumoja akaniambia hata ile soli imetoka ku mafuta. Tena Maman Nadège ana Land Cruiser. Nilimuuliza, akanijibu kwamba kwa miguu mutu hafiki ku ziwa kabla ya siku tisa. Ni kweli, na bado haikunipendeza.

Hiyo sheria yenu ya kifuniko niliisoma kwa sauti mu mukutano. Watu walipiga mikono. Nilijivuna, yaya. Niandikie watu wa Bunia wanasema nini juu ya haya mafuta ya ziwa.

Mudogo wako,
Athanase

---

Bunia, tarehe 20 mwezi wa kwanza 2003

Mudogo wangu,

Heri ya mwaka mupya, ingawa umeanza kuzeeka. Afya yako? Yangu haina neno. Nakula, nalala, naamuka.

Uliuliza watu wanasema nini. Wanasema mafuta yakitoka tutapata barabara na umeme. Wengine wanasema yakitoka tutakufa. Muzee mumoja alisema wenye bunduki walifika bila kisima hata kimoja, basi wachimbe, tutaona tofauti gani. Hayo tu. Watu hawana nguvu ya kubishana.

Nikupe habari ingine. Kile kijiji cha wauza maharagi, ku kilima juu kidogo ya Iga Barrière, kilichomwa siku ya pili kiisha Noeli. Majani yote ya paa, nyumba zote, asubuhi watu wakienda shamba. Waliofika hapa ni wachache. Materniti iliwapokea, lakini nafasi ikakosa, na Scholastique akaniomba nichukue mumoja. Anaitwa Suzanne. Mume alibaki kule, mama yake pia alibaki kule. Mikono yake yote miwili iliungua mpaka ku kiwiko, na shavu moja. Hasemi sana. Namupakaa vaseline asubuhi na jioni juu hakuna dawa ingine. Uliniandikia zamani kwamba hata vaseline inatoka ku mafuta ya chini. Basi kitu kimoja kilimuchoma na kile kile namupakaa. Nilifikiri nitalia nikiandika hivi lakini hapana.

Siku tatu kabla ya Noeli Sébastien alikuja kwa meza yangu. Unamukumbuka, ule mwenye kuongoza korali ya parokia. Alikuja na bido mbili, hana pikipiki. Nikamuuliza mashini iko wapi. Akaniambia ni mashini ya kusaga, iko karibu na Iga, na akatoa kifuniko mu mufuko. Nilikitazama, nilikinusa, nikamurudishia. Bido moja ilikuwa inavuja, nikamupa yangu. Sheria nilifuata. Wanawake wote sita waliona.

Nakuandikia juu hapa mu soko wanamutaja Sébastien kwa ule moto wa Iga. Siyo kila mutu. Wachache.

Yaya wako,
Kanyere

---

Kampala, tarehe 9 mwezi wa pili 2003

Yaya yangu,

Natumaini barua hii inakukuta ungali mu nyumba yako na Suzanne anaendelea vizuri. Miye niko muzima wa mwili.

Usijitese juu ya Sébastien. Ulifuata sheria. Mutu akileta kifuniko cha kweli na moyo wa uongo, ungeona moyo namna gani?

Sasa nisikilize vizuri. Niliwaonyesha barua yako. Mwezi wa tano kutakuwa mukutano mukubwa hapa, watatoka watu wa mbali, wenye makampuni nao watakuwako. Maman Nadège anataka mushahidi mumoja wa Ituri. Nimemupa jina lako. Watakufanyia karatasi ya njia, watalipa safari, na kiisha mukutano utabaki hapa, kuko chumba. Karatasi ni moja tu. Nilijaribu mbili, walikataa.

Wanachotaka ni kitu kimoja. Uandike ukurasa mumoja, useme vile kijiji kilichomwa juu ya mafuta ya ziwa, kwa sababu wanataka kufukuza watu mu udongo wenye mafuta. Kila mutu anajua ni kweli. Andika tu kwa maneno yako.

Yaya, hapa wanasema Bunia itawaka tena askari wa Uganda wakiondoka. Toka humo. Baba na mama hawako, sina mutu mwingine mwenye kuniita mudogo. Andika ule ukurasa.

Mudogo wako,
Athanase

---

Bunia, tarehe 2 mwezi wa tatu 2003

Athanase, mudogo wangu,

Salamu. Sitauliza mengi leo. Uwe muzima.

Nilikaa na barua yako siku nyingi. Nilianza ule ukurasa mara ine. Kila mara nikifika pa kuandika "walichoma juu ya", mukono unasimama. Basi nitakuandikia weye kwanza, kiisha utajua cha kufanya.

Uliuliza ningeona moyo namna gani. Sikuhitaji kuona moyo. Nilinusa kifuniko, na kilinuka mazutu.

Labda umesahau kazi yetu, nikuelezee. Mashini ya kusaga ya Sébastien inakula mazutu, kama lori. Ukiiwekea esanse itapasuka. Na mazutu mutu akimwaga ku majani ya nyumba, atasumbuka na kiberiti. Esanse haisumbue mutu. Miye nina miaka kumi na moja mu hii kazi, ukinifunga macho nitakutajia ni gani. Sébastien aliomba esanse, na kifuniko mukononi mwangu kinanuka mazutu. Nilijua pale pale. Si kesho yake, pale pale.

Sheria yetu inasema: tazama, nusa, rudisha. Haisemi kiisha kunusa ufanye nini. Nilijificha humo. Ningefungua kinywa, ningekuwa namuita muuaji mbele ya wanawake sita, mutu mwenye aliimba ku maziko ya Eugène. Niliogopa atakasirika. Zaidi niliogopa atacheka, aniambie esanse ni ya grupe yake ya umeme, na miye nipate haya. Yaani niliogopa haya, Athanase. Nikamuwekea bido mbili zimejaa. Na ile moja ikavuja, nikamupa yangu, na nikamwambia asalimie muke wake.

Bido zangu nafunga kitambaa nyekundu pale pa kushikia, unajua. Juma lililopita nilikuwa namupakaa Suzanne, akaanza kusema mwenyewe, bila kuulizwa. Akasema wale watu walikuwa na bido, na moja ilikuwa na kitambaa nyekundu kimefungwa vizuri, kama zawadi. Nilimaliza mukono wa kuume, nikahamia mukono wa kushoto. Niliosha mikono, nikapika bugali, tukakula.

Sijisikii kitu. Scholastique ananiuliza kama niko mugonjwa.

Basi ule ukurasa uko hapa ndani. Niliandika ile nilifanya, yote, na jina langu chini. Mafuta ya chini ya ziwa siyajue, sijayaona. Yale nilipima miye mwenyewe nayajua. Muchuma janga anakula na wa kwao, na nasikitika kwamba wa kwangu ni weye.

Yaya wako,
Kanyere

---

Kampala, tarehe 31 mwezi wa tatu 2003

Yaya,

Habari ya huko? Hapa niko muzima.

Nimechelewa kujibu. Siku ine sikwenda ofisini. Nilikuwa natembea tu mu muji. Nilikukasirikia, sitakuficha. Niliwasomea watu ile sheria yenu na wakapiga mikono. Kiisha nikafikiri, miye ningekuwa pale ku meza, na mwalimu wa korali mbele yangu, ningefanya nini? Nafikiri ningemuwekea. Nafikiri watu wengi wangemuwekea.

Yaya, nimefanya kitu. Ule ukurasa wako nilikata. Kifuniko nilitoa, na Sébastien, na bido. Nilibakiza moto, na kilima, na watu waliokufa, na nikaongeza mistari mitatu juu ya ziwa. Maman Nadège alisoma, akafuta machozi. Wamekubali.

Katsuva anakuletea karatasi ya njia pamoja na barua hii, na ule ukurasa vile niliupanga kwa Kifaransa. Haina picha, kuna jina lako tu na mwaka wa kuzaliwa. Panda lori lake, mupite Komanda na Beni, nitakungoja ku mupaka.

Usiniandikie kwamba ni uongo. Kila neno nililobakiza ni lako. Njoo. Ukifika utanipiga makofi.

Mudogo wako,
Athanase

---

Bunia, tarehe 28 mwezi wa ine 2003

Mudogo wangu Athanase,

Nakusalimia sana. Karatasi ilifika vizuri, haikuloana.

Nilisoma ule ukurasa vile uliupanga. Kifaransa chako kizuri, mama angefurahi. Lakini vile ulikata, humo hakuna mutu aliyefanya kitu. Mafuta yenyewe yalitoka chini ya ziwa, yakapanda kilima, yakachoma watu. Hakuna aliyeyabeba. Sikukasirikii. Ulikata juu unanipenda. Miye pia nilinyamaza kwa sababu ya kitu kidogo kuliko kupenda, basi siwezi kukufundisha.

Ile karatasi ya njia nilimupa Suzanne.

Nilimwambia hivi: toka leo jina lako ni Kanyere, ulizaliwa elfu moja mia tisa sitini na nane. Akaniuliza juu ya nini siendi. Nikamwambia nina meza yangu, na materniti wanahitaji mazutu. Ni kweli, Scholastique hana mutu mwingine. Wale wanawake wengine watano wenye kuuzisha wamekimbia, wa sita aliuawa. Lakini siyo hiyo. Nilitaka kumwambia na kinywa kikakataa tena, mara ya pili sasa. Nimepika naye miezi mitatu.

Weye utamwambia. Najua nakubebesha muzigo, na weye ni mudogo wangu, si mukubwa wangu. Mwambie nani aliuzisha. Mwambie nilinusa. Usimwambie niliogopa haya, hiyo nitamwambia miye tukionana. Kama hataki kukaa na weye kiisha kusikia, mutafutie mahali pengine pazuri.

Ku mukutano wakitaka mushahidi, yeye ndiye alikuwa kule. Mumuache aseme yake. Na ile visima, endelea kupinga. Sisemi uko mubaya. Nasema tu kwamba hata mukifunga visima vyote, kutakuwa mutu ananusa kifuniko.

Suzanne analala upande wa kuume kwa sababu ya lile shavu lililoungua. Vaseline mara mbili kwa siku.

Askari wa Uganda wanafunga mizigo. Mu soko hakuna kelele.

Yaya wako,
Kanyere

---

Kampala, tarehe 13 mwezi wa saba 2003

Yaya Kanyere,

Hii ni barua ya tatu. Ile ya mwezi wa tano ilirudi na Katsuva, alifika Komanda tu, njia ilikuwa imefungwa. Ile ya mwezi wa sita nilimupa dereva mwingine, sijamuona tena. Hii naipa watu wa musaada wenye kupanda ndege. Nimeandika ku bahasha: mwanamuke wa kuuzisha esanse na mazutu, aulizwe Scholastique wa materniti. Ukiwa muzima, nijibu hata neno moja. Radio inasema mambo ya mauaji ya mwezi wa tano kule Bunia na miye naizima.

Suzanne alifika. Nilimungoja ku mupaka, na kwa kuogopa askari nikamuita yaya kwa sauti. Akaitika.

Sikumwambia njiani. Sikumwambia ile juma. Najua ulichoniomba. Nilikuwa namutazama anamenya ndizi na ile mikono, nasema kesho.

Mukutano ulifika. Aliketi mbele, kibao cha jina kimeandikwa Kanyere, na miye kando yake kutafsiri. Akasema vizuri, polepole, bila kulia. Mwenye kampuni mumoja akamuuliza kama moto ule una uhusiano na mafuta ya ziwa. Akajibu: "Ziwa sijaliona. Niliona bido yenye kitambaa nyekundu." Watu wote wakanitazama wangoje tafsiri. Yaya, ningeweza kusema kitu kingine. Maman Nadège alikuwa ananitazama. Nilitafsiri neno kwa neno. Akauliza mutu mu kiti cha nyuma: nani aliuzisha ile esanse? Ilikuwa swali la mutu mwenye hajui kitu, swali tu. Nikamutafsiria Suzanne swali kwa Kiswahili, na bila kungoja nikajibu miye mwenyewe, kwa Kiswahili, nikimutazama yeye. Nikasema: ni yaya wangu, ndiye mwenye jina lililo mbele yako. Na alijua, alinusa. Kiisha nikageuka nikawaambia watu wote kwa Kingereza.

Kikundi wameniomba nipumzike kidogo. Nafikiri nitapumzika siku nyingi. Si neno. Karatasi za kupinga visima bado nazigawa mwenyewe, kwa miguu.

Nilimutafutia Suzanne mahali kwa masista, akakataa kwenda. Siku ya tatu tulikuwa tunakula. Akaweka kijiko chini, akaniambia: "Alinipakaa miezi mitatu, na hakunitazama ku uso hata siku moja. Nilizani ni sura yangu ndiyo inamushinda." Kiisha akaendelea kukula. Hakusema amekusamehe, na miye siwezi kumusemea.

Anangoja umwambie mwenyewe kile ulibakiza. Amesema hivyo: kuko kitu ulibakiza, mutu hanyamazi kwa sababu ya kusahau.

Kila juma, siku ya ine, tunaenda ku ofisi ya wakimbizi, tunapanga mustari. Wakiita Kanyere, Suzanne anasimama anaenda. Miye nami nasimama, kila mara, natazama ku mulango.

Mudogo wako,
Athanase